Snapshot Haivuki Mto

Wanangu mnaoingia katika kazi hii ya kutunza seva, iko siku mtu atawaambia kwa sauti ya kutuliza, "Musiogope, tuko na snapshot." Msibishane naye. Mpeni kiti, akae, kisha mwulizeni swali moja tu: hiyo snapshot inalala wapi?

Mimi naitwa Mama Zaina. Wazazi wangu walitoka Maniema, mimi nikazaliwa hapa hapa Kisangani, mtaa wa Kabondo, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilipita ndani ya chumba kidogo cha mashine katika hospitali moja ya mjini. Chumba kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Ile ndoo niliiheshimu kuliko saa ya ukutani. Ikijaa upesi, kiyoyozi kinafanya kazi na seva zinapumua. Ukiikuta kavu, acha chai yako mezani ukimbie. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Lofemba, mtu wa Yanonge, mpole, mwenye vidole vinene ambavyo hungedhani vinaweza kukaza skrubu ndogo vile. Alinionyesha namna ya kusikiliza diski inayokaribia kufa: hugonga taratibu, kama ukucha juu ya meza. Alinionyesha namna ya kupuliza vumbi bila kupuliza mate. Na alinifundisha kuvusha nakala.

Katika hospitali yetu kulikuwa na kliniki ya watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao sisi huku tunauita SS tu. Watoto hawa wanarudi hospitalini mara kwa mara, na kila mmoja ana habari zake ndefu: damu aliyowahi kuongezewa, dawa iliyomdhuru, maumivu yanaanzia wapi. Habari zote hizo zilikuwa kwenye kompyuta. Kila Alhamisi, saa ya chakula, Papa Lofemba aliizima programu, akanakili kila kitu kwenye diski ya nje, akaifunga kwa mifuko miwili ya plastiki, akapanda mtumbwi wa injini kuvuka mto hadi Lubunga. Huko hospitali ilikuwa na kituo kidogo cha afya chenye kompyuta moja kuukuu na bamba la sola. Diski ililala huko, na ile ya wiki iliyotangulia ikarudi mjini.

Nikamuuliza siku moja kwa nini asiiweke tu kabatini, pale pale karibu na seva.

"Mama yangu alikuwa anapelekaka chumvi Isangi," akanijibu. "Kila safari, nusu ya mifuko anaweka mu mutumbwi ya kaka yake. Nikamuuliza, mama, hauamini mutumbwi yetu? Akasema, mutumbwi ninaamini. Mto ndiyo siamini."

Papa Lofemba alipostaafu, mifuko ya plastiki ikawa yangu.

Bon. Miaka ikapita, akaja Héritier. Kijana mrefu, ametoka chuo kikuu hivi karibuni, anacheka kabla hujamaliza kusema. Alikuja na seva mpya, na ndani yake akaweka zile zinazoitwa machine virtuelle. Kama hamjaziona: ni kompyuta nzima, na programu zake na mafaili yake, inayoishi kama faili kubwa ndani ya kompyuta nyingine. Zile mashine zote zilizokuwa zikinguruma chumbani kwangu ziliingia ndani ya seva moja, na kila moja ikawa inadhani iko peke yake duniani. Chumba kikawa kimya. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiingia kuangalia kama kuna kitu kimekufa.

Nakiri Héritier alinifundisha mambo ambayo Papa Lofemba hakuyajua. Kubwa kuliko yote ilikuwa hiyo snapshot. Aliniita akiwa anajiandaa kuweka toleo jipya la programu ya kliniki, kazi ambayo zamani ilinikosesha usingizi siku tatu kabla.

"Ona, Mama. Ninabonyeza hapa. Snapshot imekamatwa. Sasa niweke hii programu mupya."

Akaweka. Programu ikakataa kuwaka. Yeye akacheka, akabonyeza tena, na mashine ikarudi vile ilivyokuwa, hata kidirisha kilichokuwa wazi kwenye skrini kikarudi mahali pake.

"Haya," nikasema. "Hii ni kazi nzuri."

Na ni kazi nzuri kweli, msije mkasema Mama Zaina anaidharau. Lakini sikilizeni inavyofanya. Chukueni ramani, mlaze juu yake karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, kisha mchore barabara mpya juu ya hiyo karatasi. Ramani ya chini haiguswi. Mkikosea, mnaondoa karatasi, ramani iko safi. Ndivyo snapshot ilivyo: toka dakika ile, mashine inaacha kuandika kwenye faili lake la zamani, inaandika mabadiliko tu kwenye faili jingine kando yake. Ni haraka kwa sababu hakuna kilichonakiliwa. Sasa mtu akiiba ramani akawaachia ile karatasi nyepesi, mtaona nini? Vimistari vinavyoelea, havijui vimetoka wapi.

Hilo tulilijua polepole, na mwanzoni kwa vicheko. Asubuhi moja Héritier aliirudisha mashine kwenye snapshot ya alfajiri ili kurekebisha kosa dogo. Kosa likaondoka. Dakika chache baadaye akatokea mlangoni Mama Feza, muuguzi mkuu wa kliniki ya watoto, mikono kiunoni.

"Batoto wangu wa asubuhi beko wapi?"

"Watoto gani, Mama Feza?"

"Bale niliandika toka saa kumi na mbili. Beko kwa benchi, beko wanalia, lakini mu mashine hamuna mutu."

Kurudi nyuma ni kurudi nyuma kwa kila kitu, kosa pamoja na yaliyo mema. Mama Feza akaandika upya wote, na Héritier akamletea beignets, yaani maandazi, kwa wiki nzima.

Mara nyingine mashine ilisimama katikati ya kazi, haikubali hata herufi moja. Tukafungua tukakuta snapshot za zamani ambazo Héritier alizisahau. Moja ameiita "avant", yaani kabla, nyingine "avant encore", kabla tena, nyingine "vraiment avant", kabla kabisa. Yale mafaili ya mabadiliko yalikuwa yamenenepa kila siku mpaka diski ya seva ikajaa. Mama Feza akauliza, "Mashine yenu imeshiba?" Nikamwambia imeshiba kweli, tunaitafutia nafasi tumboni. Toka hapo tukawa na desturi: snapshot ni ya kazi ya siku ile. Kazi ikiisha, ifute.

Donc, mambo yalikuwa yanakwenda, hadi Papa Asumani alipoitisha mkutano. Papa Asumani alikuwa msimamizi wa hospitali, mtu mwenye haki lakini asiyependa kuona mtu yuko nje ya ofisi. Aliniona kila Alhamisi nikielekea ufukweni na mfuko wangu.

"Mama Zaina, kila juma tunakukosa nusu siku. Héritier anasema tuko na snapshots, mutu anaweza kurudia nyuma wakati anataka. Alors, Lubunga tunatafuta nini tena?"

Nilianza kueleza habari ya moto na wezi na paa linalovuja. Héritier naye akaeleza habari ya diski za seva, kwamba ziko kadhaa na moja ikifa nyingine inashika. Tukapandishiana sauti kidogo. Papa Asumani akachoka kutusikiliza. Ndipo Héritier akasema jambo lililonifanya nimpende kama mwanangu.

"Tusibishane. Tujaribu. Tuseme seva hii imekufa leo. Mama achukue diski yake, mimi nachukua snapshot yangu, tuende na kompyuta ya pembeni, tuone nani anafungua kliniki."

Tukajaribu mbele ya Papa Asumani na Mama Feza. Héritier akaleta faili la snapshot yake, akaliweka kwenye kompyuta ya pembeni. Ikajibu kwamba faili mama halipo. Akajaribu njia nyingine, jibu likawa lile lile. Akashika kichwa.

"Iko inatafuta mama yake," akasema, "na mama yake amebaki kwa seva."

Ikawa zamu yangu. Nikafungua mifuko yangu miwili kwa heshima, nikaunganisha diski, nikarudisha nakala. Ikaenda vizuri mpaka mwisho, programu ikaanza kuwaka, nami nikaanza kutabasamu. Ikazima. Nikawasha tena. Ikazima tena.

Papa Asumani akatuangalia, mimi kisha Héritier, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo wakati huu wote hatukuwa na kitu?"

Niliwaza Alhamisi zote zile, mvua zote zile.

Tulikaa na Héritier mpaka tukaona sababu. Zamani Papa Lofemba aliizima programu kabla ya kunakili. Machine virtuelle zilipokuja, programu haikuzimwa tena kamwe, na sisi tuliona hilo ni baraka. Kumbe mimi nanakili huku Mama Feza anaandika. Mwanzo wa nakala ni wa saa nyingine na mwisho ni wa saa nyingine, na hivyo viwili havikupatana. Njia ilibadilika, desturi ikabaki ile ile, na kati yao pakawa na shimo ambalo hakuna aliyeliona, kwa sababu toka Papa Lofemba aondoke hakuna aliyewahi kuifungua ile diski kule Lubunga. Tulikuwa tunaivusha tu.

Héritier ndiye aliyepata dawa yake, na dawa yenyewe ni ile snapshot. Tunaiomba programu ishushe kalamu kidogo, tunakamata snapshot, programu inaendelea na kazi bila wauguzi kujua. Ile hali iliyotulia chini ndiyo tunayoinakili yote, nzima nzima, kwenye diski ya nje. Tukimaliza, snapshot inafutwa, diski inavuka. Na kule Lubunga hatuiweki tu kabatini. Tunairudisha kwenye kompyuta ile kuukuu, tunafungua kliniki, tunasoma jina la mtoto mmoja kwa sauti. Ndipo tunafunga kabati.

Papa Asumani hakuuliza tena habari ya nusu siku. Alisema tu, "Muende wawili."

Sasa niwaambie habari ya mvua.

Ilikuwa asubuhi, wingu limeshuka mpaka juu ya miti, na radi ikapiga karibu sana na jengo letu. Nilikuwa koridoni. Nilisikia mlipuko mdogo chumbani kwangu na harufu ya plastiki iliyoungua. Onduleur, lile sanduku la betri linalokinga seva, lilikuwa la kwanza kufa, na halikufa peke yake. Héritier akafungua seva, akatoa diski moja baada ya nyingine, akaziweka mezani.

"Zote, Mama," akasema. "Hata snapshot ya jana ilikuwa humu."

Kabla sijamjibu Mama Feza akaingia, na safari hii hakuwa na mikono kiunoni. Mtoto wa kike anayeitwa Merveille alikuwa ameletwa na mama yake mdogo, damu imemshuka sana, anahema kwa shida. Daktari alitaka kumwongezea damu. Mama mzazi alikuwa safarini upande wa Isangi na simu yake haikupatikana.

"Kuna Merveille mumoja mwili wake ulikataaka damu," akasema Mama Feza. "Nakumbuka alitetemeka karibu tumupoteze. Lakini tuko na ba-Merveille wengi. Sijue kama ni huyu. Mama mudogo naye hajue. Nifungulieni dosie yake."

Nikamwonyesha diski mezani. Akaelewa.

Daktari akaja mwenyewe mlangoni, mwanamke kijana, ametulia lakini macho yanakwenda mbio. "Nikimpa damu isiyomfaa naweza kumuua," akasema. "Nisipompa, hawezi kukaa hivi siku nzima. Mnaweza kunipa habari zake lini?"

"Tunavuka sasa hivi," akasema Héritier, tayari amevaa koti la mvua.

Ufukweni mwenye mtumbwi alikataa. Hakukataa kwa ubaya. Alituonyesha mbingu, akasema, "Radi ipite kwanza. Mukikufa mu maji, mutoto atapata faida gani?" Tukasimama chini ya bati la duka, maji yakituingia viatuni. Héritier alikuwa akitembea huku na huku. Mimi nilikuwa nikisoma dua kimoyomoyo, na pembeni yangu mama mmoja muuza samaki akiomba kwa Lingala jina la Yesu, ingawa hakujua shida yetu ni nini. Radi ikasogea mbali. Mwenye mtumbwi akavuta kamba ya injini.

Kule Lubunga kompyuta kuukuu iliwaka kwa taratibu zake zote. Mikono ya Héritier ilikuwa inateleza kwa maji, nikamfutia kwa kitambaa changu cha kichwa. Hatukuanza kujiuliza tufanye nini kwanza, maana tulikuwa tumelifanya jambo hilo mara nyingi bila hofu, siku za jua. Diski ile ile tuliyoisomea jina Alhamisi iliyopita. Kliniki ikafunguka. Nikampigia Mama Feza simu.

"Jina la mama yake ni nani?"

"Mama mudogo anasema Bolila."

Walikuwepo akina Merveille wengi, kama alivyosema. Mwenye mama Bolila alikuwa mmoja. Nikamsomea polepole: aliongezewa damu, akapata homa na kutetemeka, maabara ikaandika ni damu ya namna gani aepushwe nayo. Mama Feza alirudia kila neno kwa sauti, na nyuma yake nilisikia daktari akiyarudia tena kwa watu wa maabara.

"Ni yeye," akasema Mama Feza. "Asante. Ni yeye."

Damu iliyomfaa ilipatikana kwa mwalimu mmoja wa Kabondo ambaye huja kuchangia, wakamfuata kwa pikipiki darasani.

Yale yaliyoandikwa kati ya Alhamisi na siku ya radi yalipotea, kwa sababu nakala nayo ina mwisho wake, msisahau hilo. Tuliyajenga upya kwa midomo ya watu. Papa Asumani mwenyewe alikaa kwenye benchi na akina mama, akiuliza mmoja mmoja mtoto alipewa nini na siku gani, na Mama Feza akimsahihisha kila mara aliposema jina la dawa vibaya.

Siku ya pili baada ya radi nilipita wodini. Merveille alikuwa ameketi, uso umerudi rangi yake, anamgombeza mama yake mdogo kwamba uji wa hospitali hauna ladha, yeye anataka lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Mama mdogo akaniambia mtoto anasumbua. Nikamwambia amwache asumbue. Héritier alikuwa amesikia toka mlangoni, akatoka, akarudi na sahani imefunikwa kwa jani.

Mimi nimestaafu sasa. Héritier ndiye mwenye chumba, na amepewa vijana wawili wa kuwafundisha, Rehema na Josué. Mwezi uliopita alinialika niende nao Lubunga. Niliwakuta ufukweni, nikanyoosha mkono kuupokea mfuko, Rehema akakataa. "Wewe kaa tu, Mama," akasema, akaushika mapajani mpaka ng'ambo.

Wakaanza kurudisha nakala. Nilikaa kwenye kigoda nyuma yao. Baada ya muda Rehema akageuka, uso umemwiva.

"Imekataa kufunguka."

Josué akamtazama Héritier kama anayengoja kugombezwa. Héritier akavuta kiti, akakaa katikati yao.

"Bon," akasema. "Mutoto mugonjwa iko?"

"Hapana."

"Radi iko?"

"Hapana."

"Basi leo ndiyo siku muzuri ya kukataa. Tuanzie wapi?"

Rehema akafikiri, akashika panya ya kompyuta, akaanza kueleza anachodhani. Alikosea mara moja, Josué akamkosoa, naye akamkosoa Josué. Nje mwenye mtumbwi alikuwa ananiita, abiria wametimia. Niliwaacha vichwa vyao vitatu vimekaribiana mbele ya skrini, nikavuka peke yangu, mikono mitupu, maji yametulia.